Jeki huinua, mbao ndizo zinazoshikilia

Lori likipinduka na kumlalia mtu, wa kwanza kufika hukimbilia jeki. Si wazo baya. Karibu kila gari la mizigo linayo na utingo anajua inakokaa. Hatari iko kwenye kinachofuata: jeki inasukumiwa chini ya chesisi harakaharaka, inapigwa, mzigo unanyanyuka, mtu anaingiza kichwa na mabega ili amvute majeruhi, na kwa muda huo roho mbili zinategemea kipande cha chuma ambacho kitako chake hakizidi kiganja cha mtu mzima.

Sisi tunaofundisha uokoaji tunarudia jambo moja mpaka wanafunzi wanatucheka: kazi ya jeki ni kuinua, basi. Jeki ya chupa, hii ambayo madereva wengi wanayo, huinua kwa mafuta yanayosukumwa chini ya pistoni. Kinachoyazuia yasirudi ni vali ndogo na sili. Sili ikichakaa, au punje ya mchanga ikikaa kwenye vali, mafuta hurudi polepole na mzigo hushuka bila kelele yoyote. Huwezi kuitazama jeki kwa nje ukajua sili zake zikoje. Ndiyo maana kila tunachoinua kwa jeki tunakikabidhi kwa mbao papo hapo.

Kabla ya hapo, mzigo wenyewe utulizwe. Kama gari limesimama kwa magurudumu, zima injini, vuta handibreki, kisha weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya upande usioinuliwa. Watu wanaiamini handibreki kupita kiasi. Kwenye magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo ukiinua ekseli ya nyuma, haishiki kitu tena na gari liko huru kwenda litakako. Kama limelala ubavu, jaza mbao kwenye mianya ya pande zote mbili kabla ya kugusa chochote. Na ule mtindo wa vijana ishirini kusukuma kwa "moja, mbili, tatu" mpaka gari lisimame, naomba tuuache. Gari likishapita sehemu lilipokuwa linabalansi, hakuna mikono ya kulirudisha, na upande linakoangukia huwa kuna watu.

Kisha angalia ardhi. Chukua jeki yenye kitako cha sentimita 15 kwa 15, yaani sentimita za mraba 225. Ukiibebesha tani 5, kila sentimita ya mraba ya ardhi inakandamizwa kwa kilo 22. Udongo wa kawaida wa pembeni mwa barabara hubeba kilo moja au mbili hivi, na ukilowa hubeba pungufu. Kwa hiyo jeki haiinui lori, inajizika. Ubao mnene wa sentimita 60 kwa 60 chini ya jeki hiyo hiyo unaushusha mkandamizo hadi kilo 1.4. Juu nako, kati ya kichwa cha jeki na chesisi, weka kipande cha mbao, maana chuma kwa chuma huteleza, hasa palipomwagika mafuta. Jeki isimame wima. Ikianza kuinama hata kidogo, shusha upange upya.

Sasa mbao. Tunazipanga mtindo wa sanduku: mbili sambamba chini, mbili za kukatiza juu yake, na kuendelea hivyo. Kwa mbao za paini za inchi nne kwa nne, sanduku lenye makutano manne kila tabaka hubeba karibu tani 10, mradi uzito umekaa juu ya makutano yenyewe na si katikati ya ubao. Ncha zitokeze walau sentimita 10 nje ya makutano, kwa kuwa mbao huanza kupasukia nchani. Kimo kisizidi mara tatu ya upana wa sanduku, na kama mzigo unayumba au mko kwenye mteremko kama wa Kitonga, hata mara mbili ni nyingi.

Kwa nini paini, wakati tuna mbao ngumu kuliko hiyo? Paini ikizidiwa hulia na kubonyea kwanza, ukapata nafasi ya kutoka. Mbao ngumu sana inaweza kupasuka ghafla. Usizipake rangi, kwa sababu rangi huficha nyufa na ikilowa inateleza. Tofali la saruji, ambalo naliona chini ya magari gereji baada ya gereji, lisiwekwe kabisa. Tofali halibonyei wala halilalamiki. Ni zima, halafu ni kifusi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mmoja anapiga jeki, mwingine anapanga mbao, wa tatu hashiki kitu: anautazama mzigo na upande wa pili ambao mpiga jeki hauoni, na yeye ndiye anayetoa amri. Inua sentimita mbili, tatu. Simama. Ingiza mbao. Mwanya ukibaki mdogo, uzibe kwa kabari mbili zinazoelekeana, uzigonge kwa zamu mpaka zikaze. Inua tena. Nafasi kati ya mzigo na mbao isizidi hizo sentimita chache, ili jeki ikiachia, mzigo ushuke kidogo tu na kukaa. Mbao ishikwe ubavuni, vidole visipite juu wala chini yake, na kuisukuma ndani utumie kipande kingine cha mbao. Nimeona vidole vingi vilivyopondwa na watu waliodhani ni "sekunde moja tu". Majeruhi akipata nafasi ya kutosha kutoka, acheni kuinua, hata kama jeki bado ina nguvu.

Jeki ndefu ya meno, ile inayofungwa kwenye Land Cruiser za safari, inafaa, ila mpini wake hurudi kwa nguvu. Taya nyingi zimevunjwa na mpini huo. Kichwa kikae mbali na njia yake, na mpini usiachwe katikati. Mifuko ya hewa ya vikosi vya uokoaji huingia kwenye mwanya ambao jeki haipenyi, lakini kadiri inavyovimba ndivyo inavyogusa eneo dogo zaidi la mzigo na nguvu yake inapungua, kwa hiyo nayo hufuatwa na mbao.

Jengo lililoporomoka ni kazi nyingine kabisa. Lilipoanguka lile la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu walifukua kifusi kwa mikono, na moyo huo hauna wa kuulaumu. Lakini jeki ya gari isiingie kwenye kifusi. Zege moja huwa limeegemewa na lingine, na ukiinua huku unaweza kuwa unamkandamiza mtu usiyemwona kule. Msaada mkubwa hapo ni kunyamaza, kusikiliza, na kuweka alama kila sauti inapotokea.

Kuna na hatari ambayo haihusu jeki. Mwaka 1941, wakati London ikipigwa mabomu, daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall walieleza hali ya watu waliofukuliwa baada ya kubanwa kwa saa nyingi: walionekana wazima, kisha figo zao zikafeli na wakafa siku chache baadaye. Misuli iliyobanwa muda mrefu huvuja sumu na potasiamu, na mzigo ukiondolewa ghafla, vyote huingia kwenye damu. Potasiamu inaweza kuusimamisha moyo palepale. Kwa hiyo, aliyebanwa kifuani au shingoni na hapumui vizuri aondolewe mzigo mara moja kwa njia salama. Aliyebanwa miguu kwa muda mrefu, wahudumu wa afya wawepo kwanza, na dripu ianze kabla ya kuinua.

Kwa sababu hiyo, mara tu mnapofika, mtu mmoja aandike saa ajali ilipotokea. Mkipiga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji Tanzania, tajeni mahali, aina ya gari na lilichobeba, watu wangapi wamebanwa na sehemu gani ya mwili, na saa hiyo. Kama ni lori la mafuta, lisemeni hilo kwanza, kisha watu wote wasogee mbali.