Kuhariri .env peke yake hakutoshi
Wengi hudhani ukihariri faili la .env (linalohifadhi mipangilio ya programu), programu iliyo kwenye seva huona badiliko papo hapo. Sivyo. Kwa kawaida faili hilo husomwa mara moja tu, programu inapowashwa, na thamani zake hubaki kwenye kumbukumbu hadi uiwashe upya. Laravel, mfumo wa kuundia programu za PHP, ina mtego wake: ukishaendesha php artisan config:cache (amri ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, yaani kashe), .env halisomwi tena mpaka uendeshe amri hiyo upya au ufute kashe.

Na hata ukiwasha upya, kwenye Node.js (mazingira ya kuendeshea JavaScript kwenye seva) thamani ya DEBUG=false ni maandishi tu, na maandishi yasiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo if (process.env.DEBUG) inapita bila kusita. Hili limewahi kunikesha usiku mzima. Andika process.env.DEBUG === 'true'.