Peptidi zuizi: inazuia nini hasa?

Mtu akisikia “peptidi zuizi” (peptidi ni kipande kifupi cha protini) ya protini inayoshikanisha seli, hudhani ni dawa ya kuzifanya seli ziachane. Peptidi za namna hiyo zipo kweli: mwaka 1984 ilionyeshwa kuwa kipande kifupi chenye arginini, glisini na asidi ya aspatiki huzizuia seli kung’ang’ania fibronektini, protini iliyo nje ya seli. Peptidi zuizi inayotumika maabarani pamoja na kingamwili, yaani protini ya kinga ambayo watafiti huitumia kutafuta protini fulani, ina kazi nyingine. Haiigusi seli, inaishika kingamwili.

Chukua E-kadherini, protini inayohitaji kalisi ili kuzishikanisha seli za ngozi, utumbo na matiti. Wapatholojia huipima kwenye uvimbe wa titi, kwa kuwa saratani ya lobula, aina mojawapo ya saratani ya titi, kwa kawaida huwa imeipoteza. Kingamwili ikipaka rangi mahali ambapo E-kadherini haipo, mgonjwa anaweza kupewa jina la ugonjwa usio wake. Ndiyo maana swali la kingamwili imeshika nini si dogo hata kidogo.

Kingamwili nyingi za utafiti hupatikana kwa kumchoma sungura sindano ya kipande cha protini kilichoundwa maabara, mara nyingi chenye asidi amino 10 hadi 20. Peptidi zuizi ni kipande hichohicho. Mtafiti hugawa kingamwili mafungu mawili: moja analichanganya na peptidi nyingi na kuliacha likae, la pili analiacha lilivyo. Kisha kila fungu analimwagia sampuli yake, na sampuli hizo mbili zinafanana. Lile la kwanza ni kama mgeni aliyekula akashiba kwake. Akifika karamuni hagusi sahani.

Na hushiba kwelikweli. Kingamwili ya IgG ina mikono miwili na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) kama 150,000, ilhali peptidi ya asidi amino 15 ina kama 1,650. Ukitia peptidi yenye uzito mara tano ya kingamwili, kila kingamwili inazungukwa na peptidi zaidi ya 400.

Katika kipimo cha Western blot, protini za sampuli hutenganishwa kwa uzito, na iliyoshikwa na kingamwili huonekana kama mstari. Mstari wa E-kadherini, kwenye kilodaltoni 120 hivi, ukitoweka katika fungu la kwanza, wengi hushangilia mapema. Kilichothibitika ni kwamba mstari ule ulitokana na mkono unaoikubali peptidi. Mkono huohuo ukiwa umeshika protini nyingine kimakosa, mstari huo wa uongo nao utatoweka. Mimi naamini zaidi seli zilizoondolewa CDH1, jeni ya E-kadherini: hazina E-kadherini kabisa, kwa hiyo mstari ukionekana humo, kingamwili imekosea.

Mistari inayobaki baada ya peptidi nayo ina habari. Huenda imetoka kwenye kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili ionekane, au kwenye kingamwili nyingine za sungura yule zisizohusiana na kipande hicho.

Unapoagiza, hakikisha peptidi ni ya kingamwili yako hasa. Kingamwili inayoshika mkia wa E-kadherini ulio ndani ya seli haitashibishwa na peptidi ya sehemu ya nje, hata jina la protini kwenye vichupa vyote viwili likiwa moja.