Kabla ya kununua sola, isome mita yako usiku

Simu iliingia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa mama anayeuza samaki pale Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu. "Fundi, friza imezima tena. Mbuta wa jana wameanza kulegea." Nilipofika ufuoni, alikuwa ameshawahamishia samaki kwenye ndoo za barafu aliyoazima kwa jirani, na maji ya friza yalikuwa yanachuruzika hadi mlangoni. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni. Sola aliyoinunua kwa ajili ya usiku kama huo ilikuwa na miezi mitatu tu, na kila stima ikipotea ilikuwa inamwacha njiani mwendo wa saa saba usiku.

Alikuwa ameuziwa paneli mbili zenye kibandiko cha wati 300 kila moja, betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, na inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima. Aliyemfungia alimwambia, "Betri ya 200 ni kubwa, mama, hiyo inakesha." Alimwamini, na simu ya aliyemfungia haikupatikana tena.

Tukakaa kwenye benchi tukapiga hesabu naye, kwa sababu ni pesa zake na nilitaka azione zilikopotelea. Volti 12 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 2,400. Lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha kuishiwa kabisa, inakufa mapema. Kwa hiyo alichokuwa nacho ni wati-saa 1,200. Friza yake ikiwa inafanya kazi inavuta wati 150 hivi, na kwa joto la Kisumu mota inalia zaidi ya nusu ya muda, kwa hiyo chukua wastani wa wati 80 kila saa. Inveta yenyewe, hata bila kubeba kitu, inakula wati 20. Ongeza balbu tano na televisheni kuanzia jioni mpaka saa tano usiku. Kufikia saa tano hiyo, wati-saa 965 zilikuwa zimekwisha kutumika, zimebaki 235. Friza na inveta zinavuta 100 kila saa. Gawanya mwenyewe: saa saba na dakika ishirini usiku, giza. Betri haikuwa na ubovu wowote, ila hakuna aliyemuuliza mama usiku wake una uzito gani.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kama unafikiria kuweka sola nyumbani au kazini. Watu wanakuja wakiuliza, "Nahitaji paneli ngapi?" Paneli ndilo swali la mwisho. La kwanza ni hili: kuanzia jua linapotua mpaka linapochomoza, unatumia kiasi gani? Usiku ndio unaoamua betri, na betri ndiyo inayokula sehemu kubwa ya pesa zako.

Jibu unalo tayari nyumbani. Kile kidude unachobonyezea tokeni kinakuonyesha yuniti zilizobaki. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Saa kumi na mbili jioni andika namba, saa kumi na mbili asubuhi andika tena. Fanya hivyo siku saba, pamoja na Jumapili, kwa sababu Jumapili watu wako nyumbani na pasi inafanya kazi ya wiki nzima. Ukinunua tokeni katikati, ziandike pia usije ukajichanganya. Mwisho wa wiki utakuwa na safu mbili: yuniti za usiku na yuniti za mchana. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, sawa na wati-saa 1,000. Fundi yeyote wa kweli ukimpa daftari hilo atafurahi. Anayelisukuma kando na kukuambia "chukua tu seti ya kilowati tano", mshukuru, umwonyeshe mlango.

Mama wa Dunga alisoma mita yake kwa wiki moja akitumia stima peke yake. Usiku zilikuwa yuniti 1.6, mchana 1.1. Juu ya hapo tukaweka kile inveta inachojilia yenyewe, nusu yuniti hivi kwa siku nzima. Watu wanasahau sana hesabu hii. Inveta kubwa ya kilowati 5 inaweza kuvuta wati 50 usiku kucha huku mmelala na taa zote zimezimwa, na hizo peke yake ni wati-saa 600 kwa saa kumi na mbili. Ukinunua inveta kubwa kwa ajili ya sifa, unailisha kila usiku.

Tukamwekea betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 200, yaani kilowati-saa 5 hivi. Betri hizi unaweza kutumia asilimia 80 au 90 ya ujazo wake bila kuziumiza, kwa hiyo anao usiku wake mzima na sehemu ya mchana wa mawingu. Najua lithiamu ni ghali siku ya kununua. Lakini hapa kwetu joto linaitesa betri ya asidi vibaya: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake unapungua kwa nusu hivi. Nimetoa betri nyingi za miaka miwili zikiwa zimevimba kama mandazi, zimefungiwa stoo chini ya mabati yasiyo na dari. Kama mfuko unaruhusu asidi tu, basi nunua mbili, ziweke chumba chenye hewa, na usizishushe chini ya nusu. Moja ya kubahatisha ni hasara.

Kuhusu zile paneli zake mbili, nilitoa futi nikazipima. Urefu sentimita 120, upana 54. Hiyo ni mita mraba 0.65. Jua la saa sita anga ikiwa safi linamwaga kama wati 1,000 kwenye mita mraba moja, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Yaani mita mraba moja ikupe wati 200 na kitu. Paneli ya 0.65 haiwezi kutoa 300 hata ikibembelezwa. Ile ilikuwa ya wati 120 au 130 iliyovalishwa kibandiko cha uongo. Mama alitazama ile futi kimya kwa muda, halafu akasema, "Kumbe ningejua nije na futi dukani." Ndiyo, nenda nayo. Paneli ya kweli ya wati 550 inazidi mita 2.2 kwa urefu na mita 1.1 kwa upana, na watu wawili wanaibeba wakipumua. Ukiona "550" unayoweza kuikumbatia mwenyewe kwenye bodaboda, iache hapo hapo.

Hesabu yake ya paneli ilikuwa fupi. Anahitaji yuniti zaidi ya tatu kidogo kwa siku. Kisumu inapata wastani wa saa tano hivi za jua kamili, lakini mimi napiga kwa nne, kwa ajili ya miezi ya mvua. Halafu naondoa robo, kwa sababu ya joto, vumbi, waya na inveta. Paneli ikishapata joto la nyuzi 65 juu ya mabati, na mchana wa Februari inafika, inapoteza kama asilimia 14 ya kile kilichoandikwa mgongoni. Paneli mbili za 550 zikamtosha. Zifungwe zikiwa zimeinuliwa kidogo juu ya bati, upepo upite chini.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Paneli hizi kubwa zinafanya kazi kwa volti 41 hivi. Ukiziunganisha na kile kidhibiti chaji (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) cha bei rahisi cha PWM kwenye betri ya volti 12, zinalazimishwa kushuka hadi volti 13 na theluthi mbili ya nguvu inapotea. Umenunua 550 ukapata 170. Paneli kubwa inataka kidhibiti cha MPPT, kinachoshusha volti bila kupoteza nguvu hiyo, hakuna njia ya mkato.

Kuhusu uelekeo, naomba muache video za watu wa Ulaya. Wao wanaambiwa waelekeze paneli kusini na kuziinamisha sana. Sisi ikweta inapita Maseno hapo. Mwezi wa Juni jua la saa sita liko kaskazini mwetu, Desemba liko kusini, kwa hiyo paneli iliyolala karibu sawa, nyuzi 10 hadi 15 tu ili mvua iioshe, inafanya kazi mwaka mzima. Nilishaona nyumba moja upande wa Vihiga paneli zimesimamishwa kama ubao wa darasa. Upande muhimu zaidi kwetu ni mashariki na magharibi. Magharibi ya Kenya asubuhi mara nyingi ni nyeupe, halafu mawingu yanajikusanya mchana na mvua inapiga jioni. Watu wa Kakamega wanajua. Kama paa lako lina pande mbili na huna budi kuchagua, chukua ule unaotazama mashariki, uvune kabla wingu halijafika. Na kama kuna mwembe unaotupa kivuli asubuhi, ongea na mwembe kwanza. Kivuli cha tawi moja kwenye paneli moja kinaweza kuvuta chini safu nzima iliyounganishwa nayo.

Biashara za mchana ni habari tofauti kabisa, na ndipo sola inalipa haraka. Saluni moja ya Kondele niliyoihudumia ilikuwa karibu kununua betri tatu. Daftari lake lilionyesha yuniti za usiku karibu sifuri, kwani wanafunga saa moja jioni. Kinachokula pale ni draya, wati 1,500 kila moja, na zote mchana. Tukapunguza betri hadi moja, pesa zikaenda kwenye paneli na inveta ya haibridi inayotumia jua kwanza, halafu stima inaongezea pale jua linapopungua. Kinyozi mlango wa pili mashine zake ni wati 15, 20. Yeye anaishi kwa mfumo mdogo kabisa na amani tele.

Kisiagi? Hapo huwa nasema ukweli hata kama unaniondolea kazi. Mota ya nguvu za farasi 10 ni wati 7,460, na wakati wa kuwaka inaruka mara kadhaa juu ya hapo. Inawezekana, kwa kifaa cha kuiwasha polepole na paneli nyingi, kusaga mchana tu. Lakini usiifunge kwenye betri. Wachomeleaji pia, baki na stima kwanza. Na nyumbani, toa shawa ya maji moto kwenye hesabu; ile inavuta wati 4,000 hadi 5,500, na tanki la kuchemsha maji kwa jua juu ya paa litafanya kazi hiyo bila betri hata moja.

Baada ya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipozama gizani, nilipigiwa simu nyingi mno, na wengi walitaka kufungiwa kesho yake. Naelewa hofu hiyo. Lakini mfumo uliofungwa kwa haraka ndio huo ninaokuja kuufungua baadaye nikikuta swichi ya umeme wa stima imewekwa kwenye waya za paneli. Umeme wa paneli hauna pumziko kama wa stima. Cheche ikianza ndani ya swichi isiyo yake haizimiki, inaendelea kuchoma plastiki. Nimeshika swichi ya namna hiyo iliyoyeyuka mpaka ikafanana na peremende iliyotafunwa, ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Mwulize fundi swichi ya paneli imeandikwa DC, yaani ya umeme wa aina ya paneli na betri, na volti ngapi. Mwulize pia leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ni ya daraja gani, kwa sababu kuna T1 ya mifumo midogo, na T2 na T3 za mifumo mikubwa zaidi. Ni haki yako kuiona.

Radi isisahauliwe. Kisii, Kakamega, Nandi na kandokando ya ziwa, radi si hadithi. Fremu za paneli ziunganishwe na waya nene unaoshuka ardhini kwenye fimbo ya shaba, na vizuizi vya mkupuo, vinavyokinga vifaa umeme ukiruka ghafla, vikae upande wa paneli na upande wa stima. Fundi akikuambia "hii ni ya hiari", mwambie wewe umechagua iwepo.

Ukishafungiwa, kazi iliyobaki ni ndogo. Kama uko Muhoroni au Chemelil, majivu ya miwa inayochomwa yanatua kwenye paneli kama nzi weusi; osha kwa maji matupu asubuhi na mapema, kamwe usimwagie kioo cha moto maji baridi saa sita. Huku ziwani, wale wadudu wanaokuja kama moshi wanajazana kwenye feni za inveta, na mjusi kafiri anapenda joto lake, akigusa sakiti mbili kwa mkia wake inveta imekwisha. Weka wavu mwembamba kwenye matundu na uupige brashi kila mwezi.

Mama wa Dunga bado anaandika daftari lake ingawa sikumwomba aendelee. Wiki iliyopita alinionyesha ukurasa: usiku wa mvua, stima imepotea saa mbili, na saa kumi na mbili asubuhi betri ilikuwa na asilimia 46. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu, "mbuta wagumu."