Nani amemfundisha ng'ombe wako kupiga teke?

Juzi niliitwa na mama mmoja mfugaji, Tukuyu. Ng'ombe wake wa uzao wa kwanza hakamuliki. "Bwana mifugo, huyu ana roho mbaya," aliniambia kabla hata sijavaa buti. Nikamwomba akamue, nitazame.

Alipogusa chuchu, mguu ukaruka. Mama akarudi nyuma na ndoo yake, akangoja ng'ombe atulie, akajaribu tena. Teke. Akarudi nyuma. Mara ya nne nikamwambia, "Mama, hapo ndipo unapomfundisha."

Kwa ng'ombe asiyezoea, mkono kwenye kiwele ni karaha. Anapiga teke, karaha inaondoka papo hapo; kwa nini asirudie? Huu ndio uimarishaji hasi, na hilo neno "hasi" linapotosha watu wengi wakadhani ni adhabu. Adhabu hupunguza tendo. Uimarishaji huliongeza, iwe kwa kupewa kitu kizuri au kwa kuondolewa kibaya.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza majaribio ya paka wenye njaa aliowafungia kwenye masanduku. Walikwaruza na kuhangaika hadi wakagusa kwa bahati kile kilichofungua mlango, wakatoka, wakala. Kadiri walivyorudishwa ndani, ndivyo walivyotoka upesi. Ng'ombe wa Tukuyu naye alikuwa amegundua cha kufungulia mlango.

Kwanza nilikagua kiwele, maana mwenye ugonjwa wa kiwele au chuchu zilizopasuka hupiga teke kwa maumivu, na huyo anahitaji dawa. Huyu alikuwa mzima. Basi tukaanzia pajani: mkono unabaki palepale akirusha mguu, unaondolewa akitulia, hata kwa sekunde moja, na hapohapo anapata konzi ya pumba. Ukichelewa, ukampa pumba baada ya teke jingine, umelilipia teke. Fimbo nimeikataa kabisa. Hofu humwaga mwilini homoni ya adrenalini, nayo huzuia oksitosini, homoni inayoshusha maziwa. Utamchapa na maziwa atayabana.

Nilimwonya pia kwamba mateke yanaweza kuzidi kwanza kabla ya kupungua, kwa kuwa mnyama hung'ang'ania kilichokuwa kinamfaa. Wengi hukata tamaa hapo, na ng'ombe anajifunza kwamba akizidisha atashinda.

Jioni anayekamua ni kijana wa yule mama. Nikakaa kumsubiri atoke kwenye shamba la chai, kwa sababu teke likilipwa jioni tu, asubuhi nayo litaendelea kuja.