Namba ya CD si ruhusa ya kuvunja sheria barabarani

Malalamiko kuhusu magari yenye namba za CD, yaani za kibalozi, yamezidi mezani kwetu sisi polisi wa trafiki Uganda, na mengi huishia na sentensi ileile: "Afande, hilo gari halina kesi." Mwendesha boda boda mmoja aliniambia hivyo Kololo, hapa Kampala, kioo chake cha pembeni kikiwa vipande juu ya lami na suruali imechanika gotini. Alikuwa keshawasha pikipiki aondoke zake. Dereva wa ubalozi aliyemgonga alisimama mlangoni mwa gari na kuninyooshea kitambulisho. Nilikisoma: cha kazi tu. Dereva mwenyewe ni raia wa Uganda kama mimi, na kinga ya kibalozi, ile inayomzuia mtu kukamatwa na kushtakiwa, hana.

Tuelewane hapa, maana hata madereva wa balozi wanapotosha. Kinga humfuata mtu, si namba ya gari. Gari la ubalozi lina ulinzi wake: Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, unaohusu mabalozi na watumishi wao, inakataza kulipekua au kulikamata. Lakini dereva raia wa hapa akivuka taa nyekundu, anajibu kama dereva wa teksi. Kwa hiyo ukimwona trafiki anaachia gari na kubaki na dereva, hajahongwa. Ndivyo sheria inavyomtaka afanye.

Mwanadiplomasia mwenyewe ni habari nyingine. Ibara ya 29 inazuia kumkamata, na ya 31 inamwondoa katika mashtaka ya jinai mbele ya mahakama zetu. Ibara ya 41, ambayo wenye haraka hawafiki kuisoma, inamtaka aheshimu sheria za nchi aliyomo. Ni wajibu, si hisani. Kilomita 50 kwa saa mjini ni 50 kwake pia.

Konsuli naye asichanganywe na balozi. Mkataba wake ni wa 1963, na kinga yake inahusu kazi za kikonsuli tu, kama pasi na viza. Ibara ya 43 inaruhusu aliyeumizwa katika ajali ya gari kumdai fidia mahakamani, na ya 56 inamtaka konsuli afuate sheria ya bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Mkataba wa 1961 hauna mlango kama huo kwa ajali, ndiyo maana kwa mwanadiplomasia tunauliza bima kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Utaratibu wetu ni huu. Askari ataomba kitambulisho kinachotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, atakinakili na kukirudisha palepale. Atachora mchoro wa ajali, atapima, ataandika majina ya mashahidi. Majeruhi atapewa PF3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Bila fomu hiyo dai lako linaanza likichechemea. Jalada linapanda ngazi zetu, kisha linakwenda wizarani, kwenye itifaki. Wizara ndiyo huiandikia nchi ya mwanadiplomasia huyo, na nchi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kuondoa kinga, tena kwa kauli ya wazi. Mhusika hawezi kuivua mwenyewe, na sisi hatuwezi kumvua. Nchi hiyo ikikataa, Uganda inaweza kumtangaza kuwa hatakiwi nchini, na Ibara ya 9 haitudai sababu.

Wanaosema hakuna anayewajibishwa wamekosea. Mwaka 1997, mwanadiplomasia wa Georgia aliyekuwa amelewa alisababisha kifo cha msichana wa miaka 16 mjini Washington. Georgia iliondoa kinga yake, akafungwa Marekani. Mwaka 2001, mwanadiplomasia wa Urusi aliua mtembea kwa miguu mjini Ottawa. Urusi ilikataa kuondoa kinga, lakini ilimshtaki yenyewe Moscow na kumfunga.

Kuhusu pombe, kikomo chetu ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Mwenye kinga akikataa kupuliza kawunyemu, kile kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, hatumlazimishi. Tunachofanya ni kumwomba apishe usukani na kuita ubalozi ulete dereva mwingine. Wengi hukubali, aibu ina nguvu kuliko pingu.

Na wageni waliotoka nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara: hapa tunaendesha kushoto, na kwenye kiplefti aliye kuliani mwako hupita kwanza. Mwaka 2019 kijana wa miaka 19 aliuawa Uingereza na Mmarekani aliyekuwa akiendesha upande usio wake, na mvutano juu ya kinga yake ulichukua miaka.

Mwananchi aliyegongwa asiondoke, wala asimvute mtu nje ya gari. Piga picha, tafuta shahidi, ita polisi. Andika herufi na tarakimu zote za namba. Bado tunaletewa taarifa zinazosema "gari jeupe la ubalozi", na ukisimama Nakasero robo saa utajua mwenyewe ni mangapi.