Rola Ikikimbia, Udongo Haushindiliki

Majibu ya kipimo cha udongo wa barabara ulioshindiliwa yakirudi na asilimia 91 ya msongamano wa juu unaopatikana maabara, mahali palipotakiwa 95, lawama huangukia kifusi, kisha boza la maji. Mimi huanza kwa kusimama kando ya tuta na kumtazama opereta wa rola akiwa kazini. Mara nyingi kasoro naiona hapo hapo.

Rola ya mtetemo haitegemei uzito wake peke yake. Ndani ya ngoma, lile gurudumu pana la chuma, kuna mhimili wenye uzito ulioegemea upande mmoja. Ukizunguka, ngoma inaupiga udongo mfululizo. Chukua mapigo 30 kwa sekunde. Rola ikienda kilomita 4 kwa saa, kila pigo linatua kama milimita 37 mbele ya lililotangulia. Ikienda kilomita 8, nafasi hiyo inafika milimita 74. Opereta atasema amepita mara 8 kama alivyoagizwa, na atakuwa mkweli, ila udongo umepata mapigo ya kupita mara 4. Ndiyo maana kwenye tabaka nene siruhusu zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea.

Kuna pia swichi ya ukubwa wa pigo, ambayo wengi huisahau. Pigo kubwa ni la mapito ya mwanzo, tabaka likiwa bado laini. Likishakaza, hamia pigo dogo. Ukiendelea na kubwa, ngoma huanza kuruka: kokoto zinavunjika na sehemu ya juu inalegea tena baada ya kazi yote ile. Opereta mzoefu huhisi mabadiliko hayo akiwa kitini, mashine inapoanza kumtikisa tofauti.

Niliwahi kukuta vibonde vilivyokatisha barabara, vyote vikiwa pale rola ilipokuwa ikigeuza mwelekeo. Opereta alikuwa akisimama huku mtetemo unaendelea. Tulilazimika kuchambua tabaka zima, yaani kulipasua na kulilegeza, na kulirudia, kosa ambalo lingeepukwa kwa kubonyeza kitufe tu. Zima mtetemo kabla ya kusimama, uwashe ukishaanza kutembea.

Mapito yaanzie ukingoni kwenda katikati, na kwenye kona yenye mwinamo yaanzie upande wa chini. Kila mkondo uukanyage kidogo ule wa jirani.

Maji nayo hayana mbadala. Tangu mhandisi Mmarekani Ralph Proctor alipochapisha kazi yake mwaka 1933 tunajua kwamba kila udongo una kiwango cha unyevu unachoshindilika nacho vizuri kuliko vingine. Ukiona udongo unabonyea mbele ya ngoma na kuinuka nyuma yake kama godoro, simamisha rola. Kuongeza mapito hapo ni kuuharibu. Uchambue, uuache ukauke. Na kama ni mfinyanzi, tumia rola ya meno: jinsi udongo unavyokaza, ndivyo meno yanavyopungua kuzama kila pito, na hiyo ni dalili ninayoiamini sana.

Kabla ya kazi kuanza, nadai kipande kifupi cha barabara cha majaribio. Tunapima kila baada ya mapito 2 mpaka msongamano uache kupanda, na hapo tunapata idadi yetu ya mapito. Idadi hiyo ni ya rola ile, udongo ule, unene ule na kasi ile. Kikibadilika kimoja, tunarudi kwenye kipande cha majaribio, hata kama greda tayari limesambaza kifusi.