Rangi ya kuhimili joto haiui kutu ya ekzosi

Wengi wanaamini kwamba ukishanunua kopo la rangi ya kuhimili joto, unapuliza tu juu ya kutu ya ekzosi ya pikipiki, inakauka, unarudi barabarani. Sivyo. Kopo linaposema nyuzi 600, linazungumzia joto ambalo rangi yenyewe inastahimili. Kutu iliyo chini yake ni habari nyingine.

Kutu ni magamba yaliyolegea. Bomba likipata moto linatanuka, likipoa linasinyaa, na gamba linabanduka pamoja na rangi uliyoilipia. Geuza kipande kilichobanduka: upande mmoja mweusi, upande wa pili umejaa unga mwekundu. Kwa hiyo sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, hadi chuma king'ae. Futa mafuta kwa thina, na usiguse tena kwa mkono mtupu. Praima ya kawaida, yaani rangi ya kwanza ya msingi, iache, itaungua.

Kosa la pili linaniuma zaidi, maana linaharibu kazi nzuri. Rangi nyingi za aina hii zina silikoni, na hukomaa kwa joto, mara nyingi karibu nyuzi 200. Kukauka kwa hewa hakutoshi. Puliza tabaka nyembamba, ziache zikauke, kisha washa injini nje, iache ingurume taratibu bila kuiongezea kasi, dakika kama 10. Izime ipoe kabisa, halafu urudie kwa muda mrefu zaidi. Itatoa moshi, usiuvute.

Bomba lililotoboka lipeleke kwa fundi wa kuchomelea.